Re: Injini imeitwa na kiwanda, nitalipia?

Ndugu, umeuliza kama utalipia injini ya pikipiki ambayo kiwanda kimeiita irudishwe kurekebishwa kasoro. Kwa kawaida hulipi, hata kama pikipiki uliinunua mkononi mwa mtu: wito hufuata nambari ya chesisi, si jina la mwenyewe. Iko kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Yangu ilikuwa imezikwa na grisi. Nilifuta kwa kitambaa chenye mafuta taa ndipo ikasomeka, herufi na tarakimu 17. Peleka pikipiki kwa wakala rasmi, udai karatasi ya kazi yenye mhuri.

Fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, asifungue injini kwanza, wakala atapata kisingizio cha kukataa kuitengeneza bure. Na usiendelee kubeba abiria. Injini ikikwama Thika Road, gurudumu la nyuma hufunga. Bana klachi papo hapo.