Nilidai milioni 44 za boti, nikaondoka na 10

Habari zenu wakuu. Kila chombo kikigongwa hapa Kigoma, au lori likiingia kwenye banda la mtu kule Mwandiga, napigiwa simu mi, et "kaka we ulidai vipi?" Sa nimeona niandike mara moja ili niwe natuma hii tu.

Mwanzoni mwa mwezi wa 4, 2024, usiku huo hatukuingia ziwani sababu ya upepo, boti yangu ya dagaa imefungwa zake pale mwaloni Kibirizi, ikaja boti ya mizigo ikashindwa kukata kona ikaipanda. Ubavu wote ukafunguka, mashine ikang'oka ikazama, nyavu ikachanika, karabai (taa za kuvutia dagaa) zikapotea. Mwenye boti hakubisha kwamba ni yeye maana mlinzi aliona na watu wengine waliona, na RB (namba ya taarifa ya polisi) nilichukua asubuhi ile ile. Ubishi ukawa ni shilingi ngapi, na hapo ndo nilichemka kinoma.

Nilikaa na daftari nikaandika: boti mpya mil 7, mashine mpya mil 9, nyavu na karabai mil 2.8, halafu miezi 7 niliyokaa bila chombo, yaani usiku 210 mara mauzo ya laki na 20 kwa usiku, hiyo mil 25.2. Jumla mil 44. Nikampelekea wakili, dada mmoja mtulivu sana, akasoma mpaka mwisho hakucheka, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, dakika moja kabla haijagongwa, ungeiuza shilingi ngapi hapo hapo mwaloni?"

Nikakaa kimya. Boti ilichongwa 2018, imezibwa mara 3, chini imeshaanza kuoza. Mil 7 nani angenipa.

Kumbe kwenye sheria ya madhara (mtu akikuharibia kitu au kukuumiza) kipimo ndo hicho, unarudishwa pale ulipokuwa kabla ya kuharibiwa kitu chako, hupandishwi juu zaidi. Hupimwi kwa bei uliyonunulia, wala kwa bei ya kitu kipya kilichopo dukani leo. Kama kitu kimekufa kabisa unalipwa thamani yake ya wakati ule toa ulichookoa, na mi nilikuwa nimeshauza mbao na misumari laki 3 nikidhani hakuna anayejua, wakati walionunua ndo jirani zake mdaiwa, ikakatwa. Tukamleta mzee fundi wa boti aliyeichonga mwenyewe, akasema mil 4.2. Toa laki 3 inabaki 3.9.

Mashine ni tofauti maana haikufa. Wazamiaji waliitoa, fundi akaandika matengenezo mil 2.1, na yenyewe kabla ya ajali ilikuwa na thamani kama ya mil 5.5. Kutengeneza kukiwa chini ya thamani unalipwa matengenezo, basi, hata kama moyo unataka mpya. Ingekuwa kinyume, matengenezo mil 6 kwa mashine ya 5.5, ningelipwa thamani. Nyavu na karabai tulipata 1.6 tu sababu vingine sikuwa na risiti wala mtu wa kuthibitisha. Hii msiichukulie poa, hasara unayoweza kuitaja kwa namba lazima uiandike kwenye hati ya madai na uithibitishe kabisa kabisa, Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo kwenye kesi ya Zuberi Augustino na Anicet Mugabe ya 1992 na mawakili wanaiimba mpaka leo. Sikuwa na risiti ya karabai hata moja ila miamala ya simu niliyomlipa muuzaji ilikuwepo, hiyo ilikubaliwa, kwa hiyo acheni kufuta mesej za hela.

Sa tuje kwenye zile usiku 210, hapa ndo nilinyolewa bila maji. Kwanza mdaiwa akasema huyu anadai mpaka siku za mbalamwezi wakati kila mtu Kigoma anajua mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Kweli. Pili ziwa lenyewe lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka huo huo kupumzisha samaki, hata ningekuwa na boti 5 zingelala nchi kavu. Miezi 3 hiyo ikaenda. Tatu nilikuwa nimeandika mauzo, si faida. Toa petroli, toa mgao wa vijana, toa ushuru, mwenye chombo anabaki na kama elfu 45, na hata hiyo isingeaminika kama si daftari la takwimu la pale mwaloni. Kwa hiyo kuanzia ajali mpaka ziwa kufungwa tukapata usiku 28 za kazi, mara elfu 45, ni 1,260,000. Niliona aibu kidogo nisiwafiche.

Baada ya Agosti wakagoma kabisa, wakasema boti ya kawaida unapata ndani ya mwezi, we kukaa mpaka Novemba ni uzembe wako. Sikuwa mzembe, sikuwa na hela! Hapo wakili akatoa stori ambayo naipenda mpaka leo. Kuna chombo cha kuchimba mchanga baharini kinaitwa Liesbosch, 1928 kimefungwa zake nje ya bandari ya Patras kule Ugiriki, meli Edison ikanasa minyororo yake ikakivuta kikazama. Wenyewe walikuwa na mkataba wa kazi na hawana hela ya kununua kingine wakakodi kwa gharama kubwa. 1933 majaji wa mahakama ya juu Uingereza wakawapa bei ya chombo kama kile sokoni, gharama za kukileta na hasara ya muda wa kawaida wa kukipata, ila gharama iliyozidi kwa sababu ya umaskini wao wakakataa. Watu wa mdaiwa wakafurahi. Wakili akaendelea, kwamba 2003 mahakama hiyo hiyo kwenye kesi ya Lagden na O'Connor iliachana na msimamo huo, mtu hana hela ndo alivyo na uliyemgonga unamchukua hivyo hivyo. Kesi za Uingereza za miaka hiyo hazimfungi hakimu wetu, zinamshawishi tu, lakini tulikuwa kwenye usuluhishi na ilitosha kuwatikisa, wakaongeza usiku 20, laki 9. Binafsi naona zilistahili zaidi, ila ukiulizwa ulihangaika vipi kutafuta chombo lazima uwe na majibu, mi nilikuwa na barua ya kuomba mkopo moja tu.

Hesabu ikafika 9,760,000. Fidia ya jumla ya usumbufu wakatupa laki 2 na 40 ikawa mil 10 kamili, nadhani walichoka tu na vichenji.

Kingine, madai ya madhara yana miaka 3 tangu tukio, ukipita umepita, na kesi ya polisi kuendelea haisimamishi saa yako. Wengi wanasubiri jinai iishe wakidhani fidia inakuja nayo.

Hela ililipwa kwa awamu 2, ya pili ikachelewa kama siku 40 hivi, bahati nzuri kwenye hati ya makubaliano tuliyosajili mahakamani dada alishaweka riba ya kuchelewa. Hicho kipengele mkumbushe wakili wako kabla hujasaini.