Baiskeli ya mtoto mwenye ulemavu: azima, usigawe

Baiskeli ya kwanza tuliyoitoa sisi kama familia niliikuta nyuma ya nyumba ya watu, kuku anaatamia juu ya kiti chake. Tulikuwa tumeikabidhi miezi mitano nyuma, kwa pilau, picha na hotuba ndefu ya shemeji yangu. Mama wa mtoto akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia hapana dada, aibu hii ni yetu. Mtoto alikuwa amerefuka, magoti yanagonga usukani. Tairi moja lilikuwa na pancha, na mkanda wa kifuani ulikatika wiki ya tatu. Angempigia simu nani? Sisi tulishaondoka na picha zetu.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mzazi au ndugu anayeniuliza aanzeje kitu kama chetu, cha kuwaazima watoto wenye ulemavu baiskeli za magurudumu matatu.

Chetu kilianza na mwanangu. Ana mtindio wa ubongo, miguu inakaza na mkono wa kushoto haumtii. Nasi tunaishi Tanga, mji ambao muuza samaki yuko juu ya baiskeli, ustadhi wa madrasa yuko juu ya baiskeli. Jioni watoto wa mtaa wetu hapa Ngamiani wanashindana, yeye yuko barazani anawahesabia mizunguko. Siku moja akauliza, "Mama, yangu mimi inakuja lini?" Baba yake akanyanyuka akatoka nje. Kesho yake alikuwa kwa fundi wa kuchomelea.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kwenda kwa fundi kabla ya kwenda kwa mtu wa mazoezi tiba. Tulikuwa na picha kichwani ya zile baiskeli za kuendesha kwa mikono tunazoziona mjini. Zile zinamfaa aliyepooza miguu lakini mikono ina nguvu, na mwanangu ana mkono mmoja tu unaomtii. Dada wa mazoezi alimshika nyonga, akamkalisha kwenye benchi, akatuonyesha: nyonga zikilegea, mwili wote unateleza mbele na miguu inazidi kukaza. Kwa hiyo kiti kiwe na mgongo, mkanda wa kwanza ukae nyongani, wa kifuani baadaye. Walio karibu na Moshi wana bahati, maana pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, watu wanaojua kumkalisha mtoto.

Fundi wetu naye alijifunza kwa kuumia. Magurudumu mawili ya nyuma aliyaunga kwenye chuma kimoja, yote yavutwe na mnyororo. Baiskeli ikaenda vizuri sana moja kwa moja, ikagoma kupiga kona. Kwenye kona gurudumu la nje linazunguka zaidi ya la ndani, na ukiyafunga pamoja yanapingana. Akakata, akaacha gurudumu moja livutwe na mnyororo, la pili lizunguke lenyewe. Pedeli ndiyo iliyomtoa jasho zaidi. Mguu unaokaza ukichomoka haurudi mahali pake, na pedeli ikishageuka chini juu mtoto haipati tena. Akachomelea kibao chenye ukingo wa kisigino, juu akaweka mkanda wa kunata kama wa viatu vya shule, chini kipande cha nondo. Uzito ule unaifanya pedeli itazame juu muda wote. Nilitamani kumkumbatia.

Nyuma kuna mpini wa mzazi wenye breki yake. Usikubali baiskeli isiyo nayo, hata kama mji wenu ni tambarare kama wetu. Kofia ngumu nayo haina mjadala, hasa kwa mtoto mwenye kifafa. Na aliyezaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri tumboni mwa mama, ambaye huenda hasikii maumivu miguuni au makalioni, aanze na robo saa tu, kisha mvue umkague ngozi. Wekundu usioondoka ni kidonda kinachokuja.

Wazazi wengine hukataa magurudumu matatu, wanaona ni ya kitoto. Huwa nawaambia kwamba Paralimpiki wapo watu wazima wenye ndevu zao wanaogombea medali kwa baiskeli hizohizo, madaraja ya T1 na T2.

Sasa hiyo habari ya kuku. Baada ya siku ile tuliacha kugawa, tukaanza kuazima. Tuna baiskeli sita na daftari moja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi zote zinarudi uani kwetu, fundi anakaza, anaziba pancha, mimi napima urefu wa mguu kutoka nyonga hadi kisigino. Aliyepitiliza anahamia kubwa, yake inakwenda kwa anayesubiri. Nusu ya kila tunachochanga ni ya matengenezo, na hapo hatugusi hata kama foleni ni ndefu. Kununua ni rahisi, watu wanapenda kuchangia kitu kipya chenye rangi. Jaribu kuwaomba pesa ya tyubu.

Pesa zenyewe zinatoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lilelile la harusi na misiba. Usisubiri halmashauri: ile asilimia 2 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mkopo wa biashara, na mtoto anayecheza halipi rejesho. Usajili tuliufuata tulipoanza kupokea michango ya watu baki. Picha za kukabidhi tulizifuta kwenye ratiba. Shemeji alinuna kidogo.

Mwezi uliopita daftari lilimfikia mwanangu. Mguu umezidi, ile baiskeli yake ya kwanza ikapangiwa binti wa Chumbageni wa miaka sita. Alikaa kimya, akatazama fundi akishusha kiti. Kisha akaomba spana, akaishika kwa mkono wa kulia, akahangaika karibu nusu saa mpaka kengele ikatoka kwenye usukani. Akaitia mfukoni. Hiyo, alisema, haikuandikwa kwenye daftari.