Masta ya fasihi ya Kiingereza bila hela, inawezekana?

SWALI: Mambo mhariri, mi nafundisha Kiingereza sekondari huku Morogoro mwaka wa tatu sasa, natamani masta ya fasihi ya Kiingereza ila hela sina na watu wananiambia napoteza muda. Nianzie wapi?

JIBU: Hao watu achana nao. Uingereza masta kwa kawaida ni mwaka mmoja tu, na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanalipa ada, nauli na hela ya kujikimu, wanataka uzoefu wa kazi miaka miwili ambao tayari unao, ila ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili. Marekani vyuo vingi vinakuchukua PhD moja kwa moja na digrii yako ya kwanza, unalipwa posho huku unafundisha, ni miaka mitano au zaidi lakini, jipange.

Sasa kinachoangusha wengi ni pendekezo la utafiti, yaani maelezo ya unachotaka kuchunguza. Mtu anaandika “mwanamke katika riwaya za Afrika” basi, hiyo si ni bahari nzima! Chukua vitabu viwili vitatu na swali moja, useme watafiti wengine walishasema nini halafu wewe unabishana nao wapi. Na si lazima iwe Shakespeare, kina Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, walishapigania fasihi ya Afrika ipewe nafasi ya kwanza Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1968.