Kikosi kipya cha mbio za nyika: mtafute wa nne

Ukikabidhiwa kikosi kipya cha mbio za nyika shuleni, swali la kwanza utakaloulizwa ni nani ana kasi. Mwalimu mkuu atauliza, wazazi watauliza, na wanafunzi watakuonyesha kwa kidole kabla hujafungua mdomo. Mimi nafundisha sekondari upande wa Busia, mashariki mwa Uganda, huku mpakani na Kenya, mbali na miinuko ya Sebei kwenye Mlima Elgon wanakotoka mabingwa wetu. Baada ya misimu kadhaa na watoto wa huku nina ushauri mmoja ninaoutanguliza mbele ya mingine yote: mwenye kasi atajitokeza mwenyewe, wewe mtafute wa nne.

Sababu iko kwenye hesabu. Katika mbio za nyika nafasi za wakimbiaji hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Kwenye mashindano ya dunia nchi huingiza hadi wakimbiaji sita na wanaohesabiwa ni wanne wa mbele. Aarhus, Denmark, mwaka 2019, Joshua Cheptegei alishinda na Jacob Kiplimo akawa wa pili, na picha zao tuliziona kila mahali. Dhahabu ya timu ya wanaume, ya kwanza kwa Uganda, iliwahitaji pia Thomas Ayeko aliyemaliza wa 7 na Joel Ayeko aliyemaliza wa 10. Jumla, 20. Hebu fikiria hao wawili wangekuwa wa 40 na wa 50: jumla ingeruka hadi 93, na dhahabu ingeondoka ingawa Cheptegei alishinda. Hesabu hii iandike ubaoni siku ya kwanza kabisa, maana mtoto anayejua kwamba nafasi yake ya ishirini na tano inabeba wenzake hukimbia tofauti na yule anayedhani amekuja kumsindikiza bingwa. Waulize waandaaji wa wilaya yako mapema wangapi wanakimbia na wangapi wanahesabiwa, kwa kuwa kanuni za shule si lazima zifanane na za dunia.

Kwa hiyo usichague kikosi kwa mbio moja ya majaribio. Ukipiga filimbi na kuchukua wa mbele, utapata watoto wa mita 200, wale wanaong'ara siku ya michezo. Tangaza mazoezi, pokea kila anayekuja, na uwe na daftari la mahudhurio. Anayerudi siku ya tatu baada ya miguu kuuma siku ya pili, huyo mwekee alama. Mara nyingi ni mtoto mkimya anayetembea mbali kuja shuleni na hajawahi kuitwa mwanamichezo na mtu yeyote.

Kazi kubwa zaidi inafuata: kuwafundisha kukimbia polepole. Watoto wetu wamezoea kuchomoka. Filimbi ikilia wanatoka wote kwa nguvu zao zote, na kabla ya kilomita moja nusu yao wameshika mbavu kwa kichomi. Hapo ninawasimulia Kololo, Machi 2017, Kampala ilipoandaa mashindano ya dunia. Cheptegei, kijana wa miaka 20, aliwaacha wenzake akaingia mzunguko wa mwisho akiongoza mbele ya watu wa nyumbani. Miguu ikagoma. Aliyekuwa wa kwanza akamaliza wa 30. Wanafunzi wangu wote wanalijua jina lake, wanajua rekodi zake za dunia za mita 5,000 na 10,000 za mwaka 2020 na dhahabu yake ya Paris mwaka 2024, lakini wengi hawaijui siku ile ya Kololo. Wanaposikia kwamba hata yeye kasi iliyotumika mapema ilimdai baadaye, wananisikiliza vizuri zaidi.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Wapange wawili wawili wanaolingana, wakimbie wakisimuliana habari za nyumbani. Anayeshindwa kumaliza sentensi amezidisha mwendo, na mwenzake ndiye wa kumwambia. Katika siku nne za mazoezi, tatu ziwe za mwendo huu wa mazungumzo. Mwanzoni dakika 20 zinatosha, tena kwa kuchanganya kukimbia na kutembea kwa walio wageni kabisa. Ongeza dakika chache tu kila wiki. Mtoto akianza kulalamikia muundi, maumivu ya mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, mpumzishe kabla hajaanza kuchechemea. Walimu wenye haraka hupoteza watoto wao wazuri hapo hapo.

Siku ya nne ndiyo ya kazi ngumu. Busia ni tambarare, lakini hata huku utapata mteremko wa barabara ya marram, yaani ya changarawe. Wapandishe kwa sekunde 40 hivi, warudi wakitembea, waanze na mipando minne na wafike minane msimu ukikomaa. Wiki nyingine wape mizunguko miwili ya uwanja na njia za nje ya shule, kwa sharti kwamba mzunguko wa pili uwe wa haraka kuliko wa kwanza. Anayepongezwa ni aliyepunguza muda mwingi zaidi. Simu yako itakupimia muda. Zoezi hili ninalipenda kuliko yote, kwa sababu mwenye kasi huwa hashindi, na yule wa nne, wa tano, wa sita wanaanza kujua kwamba wana mwili wa mbio.

Kuhusu viatu usiumize kichwa. Mtoto aliyezoea kukimbia peku kwenye nyasi na udongo mwache peku mpaka mwili wake utakapohitaji kitu kingine. Raba za mitumba sokoni zinafaa kama hazijaisha soli na zinaacha nafasi ya kidole gumba mbele. Asivae kiatu kipya siku ya mashindano. Chakula nacho ni kile cha shule: posho (ugali) na maharage ya saa saba mchana ni chakula kizuri cha mkimbiaji ikiwa mazoezi ni saa kumi na moja jioni. Kama watoto wanashinda na njaa, zungumza na mwalimu mkuu juu ya uji kabla ya kuzungumza juu ya jezi.

Wasichana wanahitaji maandalizi yao. Tafuta mwalimu wa kike awe nawe tangu mwanzo, si kwa kusindikiza tu siku ya safari. Yeye ndiye atakayezungumza nao juu ya hedhi, sidiria inayobana vizuri, na mavazi. Anayetaka kukimbia na suruali ya kubana na hijabu akimbie hivyo. Halafu nenda nyumbani kwao. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, akirudi hapa saa moja usiku, maji atachota nani? Na njia ile ya gizani atapita na nani?" Nilimjibu, "Mama, una haki," kwa kuwa alikuwa nayo. Tulihamishia mazoezi ya wasichana wanaokaa mbali asubuhi, wakiwa tayari njiani kuja shule kukishapambazuka. Mtoto yule hakukosa tena. Mzazi aliyesikilizwa atakuletea hata mdogo wa mtoto huyo.

Kuna mambo ya usalama ambayo sitayalegeza kwa ajili ya kombe lolote. Mwenye homa hakimbii, aende akapimwe malaria kwanza. Waulize wazazi, faraghani, kama mtoto ana seli mundu au pumu. Huku mashariki seli mundu si ugonjwa wa kigeni, na mtoto mwenye nao asisukumwe kushindana bila ushauri wa daktari. Barabara kuu ya mpakani yenye matrela si uwanja wa mazoezi. Mkilazimika kuipita, kimbieni mkiyatazama magari yanayokuja, kwa mstari mmoja. Na ngurumo ikisikika, ingieni darasani mara moja, msijikinge chini ya mwembe. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo. Kila msimu wa mvua nawakumbusha walimu wenzangu.

Siku ya mashindano fika mapema, mtembee njia yote pamoja. Waonyeshe penye matope, penye kona nyembamba, na mahali ambapo mtu wako wa nne aanze kuhesabu migongo. Hiyo ndiyo kazi ninayompa: robo ya mwisho ya mbio, apite watu watano. Wale walioanza kwa pupa wanakuwa wamechoka tayari, na kila mgongo anaoupita unapunguza jumla ya shule kwa moja. Wewe usisimame kwenye utepe wa mwisho na umati. Simama pale robo ya mwisho inapoanzia, umwite kwa jina lake.

Matokeo yakitoka, yasome paredini kwa kuanzia wa sita kwenda juu, kila mmoja na nafasi yake na muda aliopunguza. Kisha keti na daftari lako. Wa nne wangu wa sasa yuko senior four, yaani kidato cha nne, na mwishoni mwa mwaka ana mitihani ya taifa, basi ninamwangalia msichana mmoja wa senior two aliyemaliza wa saba kwenye majaribio, ambaye jina lake liko kwenye mahudhurio ya kila wiki. Jumatatu atakimbia na wakubwa, kwa mwendo wa mazungumzo.