Chumvi Kidogo, Ladha Tele: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za wiki hii zinalia kilio kimoja: chumvi na mafuta vikipungua, mezani watu wananuna. Nimejibu tano.

Shikamoo mama. Baba amekutwa na presha, daktari kamwambia apunguze chumvi. Sasa kila nikipika anasema nimempikia chakula cha wagonjwa, anasukuma sahani. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mzee ana haki ya kulalamika. Chumvi ikiondolewa bila kuwekwa kitu mahali pake, chakula kinapooza kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyo kwenye mkate na kwenye viungo vya pakiti vya mchuzi. Hivyo vya pakiti ndivyo uanze kuviondoa. Vingi vimejaa chumvi, nawe ukitia na ya kwako juu yake, umemlisha mara mbili.

Kisha tazama unavyounga. Bandika kikaangio kikavu kwenye moto mdogo, tia kijiko cha bizari nzima, koroga mpaka inukie na ianze kubadilika rangi, uitwange hapo hapo. Kitunguu kikate chembamba, ukikaange kwa vijiko viwili vya mafuta bila haraka hadi kiwe cha hudhurungi. Wengi wetu tunatia nyanya kitunguu kikiwa bado cheupe, na mchuzi unaharibikia hapo. Kitunguu saumu na tangawizi vifuate, vinukie tu, visiungue. Nyanya iive mpaka mafuta yajitenge pembeni, kwa sababu nyanya mbichi ina ukali unaomfanya mlaji adai chumvi. Ukishaepua, kamulia ndimu. Uchachu huo unafanya chumvi kidogo isikike. Kwa mchuzi wa samaki, ambao Tanga hamkosi, mimi napenda ukwaju kuliko ndimu.

Ipunguze pole pole, maana ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Na zile chumvi mbadala za madukani usimpe kabla ya kumuuliza daktari. Nyingi zina potasiamu, na zinaweza kumdhuru mwenye maradhi ya figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha.

Maharage yangu yanakaa motoni nusu siku na bado magumu, halafu hayana utamu. Natia nyanya tangu mwanzo ili yakolee. (Mama wa wawili, Morogoro)

Nyanya ndiyo inayoyakaza, dada yangu. Kitu chochote chenye uchachu kikiingia kabla maharage hayajaiva, ganda linagoma kulainika. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, bandika kwa maji mapya na uyaache yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Kwa maharage mekundu hili halina mjadala, kwani yasipochemka vizuri yana sumu inayosokota tumbo na kutapisha. Yakishaiva ndipo uyaunge. Chota upawa mmoja, uyaponde kwa mwiko, uyarudishe sufuriani. Mchuzi utakuwa mzito bila mafuta ya ziada. Kama unapenda nazi, tangulia na tui jepesi, tui zito litie mwishoni kwa moto mdogo huku ukikoroga lisije likakatika.

Hujambo mama? Managu yangu (mnavu) ni machungu, na nikiyachemsha na magadi ili yalainike mume wangu anasema hayana ladha ya mboga. (Msomaji, Kisumu)

Sijambo, dada. Mumeo kasema kweli. Magadi yanalainisha majani lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, na yana sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi. Mbona huko kwenu dawa ya uchungu mnayo tangu zamani? Maziwa. Changanya managu na mchicha au majani ya kunde, yachemshe yalainike, mimina maziwa na uyaache yatokote taratibu mpaka yanywewe na mboga. Yakilala kwenye friji na kupashwa kesho yake, yanakuwa matamu zaidi. Hapo chumvi ni chembe tu.

Watoto wanakimbia dagaa kwa sababu ya harufu. Nisiwape tena? (Baba, Dodoma)

Wape! Dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo yenye kalisi. Shida iko kwenye kuwaandaa. Toa vichwa na ule uchafu mweusi wa tumboni, maana uchungu mwingi unatoka huko. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, wakamue. Wakaange kwenye sufuria kavu hadi uwasikie wakilia wakigusana na mwiko, ndipo uwape mafuta kidogo, kitunguu, nyanya na ndimu. Kwa watoto wagumu, malizia kwa karanga za kusaga zilizokorogwa kwenye maji ya vuguvugu. Chumvi onja kwanza, kwa sababu dagaa wengine huja nayo sokoni.

Nafika nyumbani saa mbili usiku nimechoka, naishia chipsi. Nina jiko la gesi la plate moja na friji ndogo. (Kijana, Dar es Salaam)

Jumapili kaanga kitunguu, saumu, tangawizi na nyanya za kutosha, rojo iive vizuri, ipoe, iingie friji kwenye chombo chenye mfuniko. Itakufikisha Jumatano. Ukirudi, chota vijiko vichache, pasha, vunjia mayai mawili au tia mchicha uliokwisha kuoshwa. Mchicha usiuongeze maji na usiufunike. Dakika tatu hadi nne zinatosha, uepue ukiwa bado wa kijani.