Maswali ya Wasomaji: Utando uleule, usumaku tofauti

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasoma uzamili ng'ambo, kwa sasa nipo nyumbani nikichambua data. Nilikuza tando (tabaka nyembamba sana za fuwele) za manganaiti ya lanthanamu, oksidi ya manganizi, yenye strontiamu asilimia 30, unene nanomita 40. Ule ulio juu ya msingi (fuwele ya kukuzia) wa titaneti ya strontiamu una usumaku mzuri. Ulio juu ya msingi wa alumineti ya lanthanamu umefifia na unaupoteza mapema ukipashwa joto. Niandike kwamba chanzo ni mkazo, yaani kuvutwa au kubanwa kwa utando na msingi wake?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba. Usiandike bado. Mkazo unahusika, ila data hiyo haitoshi kuubebesha lawama zote.

Seli (kizio kidogo kinachojirudia katika fuwele) ya manganaiti hiyo ikiwa huru ina upana wa nanomita 0.388 hivi. Ya titaneti ni 0.3905, kwa hiyo utando unavutwa pembeni kwa asilimia 0.6 hivi na kimo cha seli hupungua. Ya alumineti ni 0.379: utando unabanwa kwa asilimia 2.3 na kimo huongezeka. Usumaku hapa hutokana na elektroni zinazoruka kutoka manganizi moja hadi nyingine kupitia oksijeni, na mkazo hubadilisha urefu na pembe za vifungo hivyo. Pia utando ukibanwa, usumaku hupenda kusimama wima. Kama ulipima kwa uga wa sumaku uliolala sambamba na utando tu, huenda sehemu ya kufifia huko imeletwa na mwelekeo wa kupimia. Pima pande zote mbili.

Kisha hakikisha utando bado umeshikiliwa, yaani seli zake zinafuata upana wa seli za msingi. Kwa nanomita 40 juu ya alumineti, huenda sehemu yake imeshalegea. Kipimo cha eksirei cha kawaida hutoa kimo cha seli tu. Chora ramani ya eksirei kuzunguka mwakisiko wa 103, unaotoka kwenye matabaka ya fuwele yaliyoinama na hivyo kuonyesha upana na kimo pamoja: doa la utando likiwa kwenye mstari wima mmoja na la msingi, umeshikiliwa, likisogea kando, umelegea. Madoa ya alumineti yakipasuka usishtuke, kwani fuwele hiyo hubadili umbo karibu nyuzi 540 za Selsiasi, na ikipoa hugawanyika kuwa pacha, yaani sehemu zenye mielekeo tofauti.

Oksijeni ndiyo inayopotosha wengi. Ikipungua, kimo cha seli huongezeka na usumaku hudhoofika, dalili zilezile za kubanwa. Anza na utando wa titaneti: ukiwa umeshikiliwa kikamilifu, kimo kinapaswa kuwa karibu 0.385. Ukikuta 0.388 au zaidi, shuku oksijeni au uwiano wa metali. Halafu kata sampuli ya alumineti vipande viwili, kimoja ukichome kwa nyuzi 700 katika oksijeni ya angahewa moja kwa saa moja, ukipoze polepole, upime vyote. Kimo kikipungua na jotoridi la Curie (ambapo usumaku hupotea) likipanda, oksijeni ilikuwa pungufu. Lakini rudia ramani, maana kuchoma nako kunaweza kulegeza utando.

Jambo jingine ni usafi. Msingi wa milimita 0.5 ni mnene mara 12,500 kuliko utando wako, hivyo ondoa mchango wake katika kipimo cha usumaku kwa kutumia mteremko wa grafu kwenye uga mkubwa. Vibanio vya chuma, hasa vilivyoshika kutu kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu, huacha chembe zenye usumaku. Tumia vya plastiki au titani. Pima kwenye kelvini 400: manganaiti hii hupoteza usumaku wake karibu kelvini 360, kwa hiyo kitanzi cha grafu ya usumaku kitakachobaki ni cha uchafu.

SWALI: Je, mkazo unaweza kuipa usumaku oksidi isiyokuwa nao?
Mwalimu wa fizikia, Raskazone, Tanga

JIBU: Ndiyo, Mwalimu. Kobaltaiti ya lanthanamu, oksidi ya kobalti, ikiwa bonge (si utando) na baridi sana haina usumaku wa kudumu. Utando wake ukivutwa juu ya titaneti ya strontiamu huupata chini ya kelvini 85 hivi. Kobalti huhama hali yake ya spini (mpangilio wa usumaku wa elektroni zake), ingawa wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani kinaletwa na mkazo wenyewe na kiasi gani na nafasi tupu za oksijeni.