Kwenye WhatsApp tuko 94, mkutanoni tunakuja wanne

ULIZA MWALIMU

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Malindi, nina miaka 27. Tangu setilaiti ya Taifa-1 irushwe Aprili 2023, mambo ya anga za juu yamenishika. Nilifungua kundi la WhatsApp la wapenzi wa roketi, likafika watu 94. Kila siku ni video, na ubishi kama kweli binadamu alifika mwezini. Nikiitisha mkutano tunakuja wanne, na mmoja ni binamu yangu. Tumechanga shilingi 6,400 za darubini, lakini moyo wangu unaniambia hata tukiipata mambo yatakuwa yale yale. Tukiandika katiba na kusajili chama, watu watakuja? Na jina "Malindi NASA", kama lile shirika la anga za juu la Marekani, linafaa?
Fundi Simu, Malindi

Marahaba, mwanangu. Darubini msinunue kwanza.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Julai 1994 vipande vya nyota yenye mkia, Shoemaker-Levy 9, vilikuwa vikiigonga sayari ya Mshtarii (Jupita), nami nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia mwenye klabu ya wanafunzi 30. Tukachanga, tukanunua darubini iliyoandikwa "mara 500" kwenye boksi. Kioo chake cha mbele kilikuwa cha milimita 50, na kioo cha kiasi hicho hakifai kukuza zaidi ya mara 100 hivi. Ukizidisha, unakuza ukungu. Miguu yake nayo ilitikisika ukipumua. Watoto 30 wakapanga foleni. Wawili waliona kitu, waliobaki waliona kope zao wenyewe. Klabu haikumaliza muhula.

Miaka mingi niliilaumu darubini. Siku hizi najilaumu mimi. Hata ingekuwa nzuri, anayetazama ni mmoja na 29 wamesimama wakipigwa na mbu. Mtu aliyekuja akasimama tu, wiki ijayo ana harusi, ana mgeni, ana homa. Aliyepewa kazi hurudi kuimaliza.

Kwa hiyo wewe na wenzako watatu anzeni na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kile wanamoishi wanaanga. Kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kimo cha kilomita 400 au zaidi kidogo, na Malindi kinapita juu yenu. NASA hutangaza bure saa ya kukiona mahali mlipo. Ni baada ya magharibi au kabla ya jua kuchomoza, wakati huku chini kumeshaingia giza na kule juu bado jua linakipiga. Mtaona nuru nyeupe isiyopepesa jinsi taa za ndege zinavyopepesa, ikivuka anga kwa dakika tano au sita. Macho yanatosha. Mmoja ashike saa aseme kilichomoza lini. Wa pili awe na dira, wa tatu apime kwa ngumi kimefika juu kiasi gani (ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi kama 10), wa nne aandike katika daftari. Daftari la karatasi, tafadhali, si la simu. Mwezi ukiisha, akija mtu wa tano atakuta kitu cha kusoma.

Kazi yako wewe ni nyingine. Fundi mzima unakaa kusambaza video! Kituo kile hutuma sauti kwa masafa ya megahezi 145.800, na redio ndogo ya mkononi inaweza kuyanasa. Antena utaitengeneza kwa vipande vya utepe wa chuma wa kupimia na bomba la PVC. Vipo vipindi ambapo wanatuma picha kwa njia ya mlio: utasikia kama mtu anapiga mluzi uliochakaa, na programu ya bure ya simu itaugeuza mluzi huo kuwa picha kwa dakika mbili hivi. Kusikiliza tu, kurusha mawimbi kunataka leseni. Picha ya kwanza mtakayoinasa, hata ikiwa nusu chenga, itundike kibandani kwako. Wateja watauliza, na hao ndio wanachama.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mko Malindi, mnabishana kuhusu Florida, kule zilikorushwa roketi za mwezini! Kaskazini yenu kidogo, baharini mbele ya Ngomeni, kuna majukwaa ya San Marco. Waitalia walirusha roketi tisa za Scout kutoka pale, kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988, na zote zilifikisha setilaiti angani. Walipapenda kwa sababu Ikweta iko karibu: huko dunia inazunguka kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inaichukua kasi hiyo bila kulipa, huku chini yake ikiwa bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wakaiita Uhuru, jina la Kiswahili, kwa heshima ya sikukuu yetu. Vipimo vyake ndivyo vilivyosaidia wataalamu kushuku kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata nuru haitoki.

Wako wazee waliopika pale, walioendesha boti, waliolinda mlango. Wanazidi kupungua. Gaweni wanachama wawili wawili, kila jozi imtafute mzee mmoja, imrekodi nusu saa, na mkutano unaofuata rekodi hiyo isikilizwe kibarazani. Mkimwalika mzee mwenyewe ndiyo bora zaidi, kwa sababu atakuja na wajukuu.

Siku ya kukutana ifuateni kwa mwezi. Chagueni Jumamosi iliyo karibu na siku ya saba tangu mwezi kuandama. Jua likizama mwezi uko juu, umefika nusu, na vivuli vya mashimo yake vinaonekana hata kwa darubini ya macho mawili ya kuazima, ile ya 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, na vioo vyake vya mbele ni vya milimita 50). Jumamosi hiyo isibadilike, hata mkiwa wawili. Kaskazi itawapa anga safi. Masika mtakaa ndani mkisikiliza rekodi za wazee. Tarehe 4 Oktoba huanza Wiki ya Anga za Juu ya Umoja wa Mataifa, siku iliporushwa Sputnik, setilaiti ya kwanza, mwaka 1957. Hiyo iwekeni kwa ajili ya kualika shule.

Katiba ingojeni mpaka mtu agombane. Jina la NASA liacheni kwa wenyewe. Jirani yenu Ngomeni ana jina zuri. Na zile shilingi 6,400 mrudishieni kila mtu chake. Ukitaka 94 waamini kwamba safari hii kuna jambo, hiyo itawashtua kuliko tangazo lolote.

Mwalimu, kijana wangu wa gredi ya sita anataka kurusha roketi ya chupa uani, ameambiwa na wenzake wa klabu ya sayansi. Nimruhusu?
Mama Mwoga, Voi

Mruhusu, dada, ila uwepo. Chupa iwe ya plastiki ya soda, ambayo haijapondeka. Ya kioo kamwe. Ajaze maji theluthi moja, azibe kwa kizibo kilichotobolewa na kupitishwa sindano ya kujazia mpira, aisimamishe mdomo chini, kisha asukume hewa kwa pampu ya baiskeli akiwa mbali kadiri mpira wa pampu unavyofika. Hewa ikizidi, kizibo kinatoka, maji yanaruka chini na chupa inakwenda juu. Asiichungulie kwa juu hata ikichelewa. Na aziondoe nguo kambani kwanza.